Pesa za Utunzaji Ziende kwa Nani? Mwongozo Kamili wa Kupima Ubora wa Maisha, Zaidi ya Afya

Kamati imeketi. Mezani kuna maombi arobaini, na pesa zilizopo zinatosha watu kumi na wawili. Wengi wa waombaji ni wazee, wengine wana ulemavu, na wachache ni akina mama wenye watoto wa mtindio wa ubongo. Kila fomu imeambatanishwa na barua ya daktari, basi mwenyekiti anauliza swali linalomjia haraka: nani mgonjwa zaidi?

Hapo ndipo kazi huenda mrama, kwa sababu pesa hizi si za matibabu. Ni za kumlipa mtu wa kumwogesha mzee, kumpikia, kumtoa nje, na kumpa nafuu binti ambaye hajalala usiku mzima tangu mama yake aanguke. Ukipanga foleni kwa ukali wa ugonjwa, utapata orodha inayoifaa hospitali.

Mwongozo huu ni wa wanaoketi kwenye kamati za aina hiyo hapa Nairobi: vikundi vya mtaa, idara za huruma za makanisa na misikiti, wakfu na mashirika madogo, pamoja na maofisa wa kaunti wanaoandaa mapendekezo ya bajeti. Hauhitaji shahada ya uchumi. Unahitaji daftari, subira, na mtu mmoja asiyekimbia hesabu za kujumlisha na kutoa.

Kwa nini kipimo cha afya hakitoshi

Wachumi wa afya wana kipimo chao maarufu, EQ-5D. Kinauliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Majibu hugeuzwa kuwa namba moja, ambapo 1 ni afya kamili na 0 ni sawa na kufa. Namba hiyo ikizidishwa kwa miaka inatoa QALY, yaani mwaka mmoja wa kuishi na afya kamili. Uingereza imetumia hesabu hii kwa miaka mingi kuamua serikali ilipie dawa ipi, na kwa muda mrefu kiwango kilichozoeleka kilikuwa pauni 20,000 hadi 30,000 kwa QALY moja. Kwa dawa, chombo hiki kinafanya kazi yake. Mwaka 2013 taasisi inayosimamia maamuzi hayo, NICE, ilipoongezewa jukumu la utunzaji wa kijamii, ilijikuta mbele ya huduma ambazo lengo lake wala si kuponya.

Chukua mfano wa kutunga, ingawa aliyewahi kupanda ngazi za Pipeline kule Embakasi ataufahamu. Mzee wa miaka 74 amepata kiharusi. Upande wake wa kulia umelegea, na anaishi ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Mhisani mmoja alimletea kiti cha magurudumu, wakapigwa picha, na tangu siku hiyo kiti kimekunjwa nyuma ya mlango kikiangikwa nguo. Sasa tuseme kikundi kinamsaidia kuhamia chumba cha chini katika ploti hiyo hiyo na kumlipa kijana wa kumsaidia kwa muda wa saa mbili kila asubuhi. Mkono hautapona. Majibu yake ya EQ-5D yatabaki karibu pale pale. Lakini kuanzia wiki hiyo mzee anaketi nje ya geti amenyolewa ndevu, anamtania muuza sukuma wiki, anabishana siasa na wenzake, na siku ya ibada anasukumwa hadi mlangoni. Kipimo kisichoona badiliko hilo kitakushauri usilipie.

Hatua ya 1: Andika uamuzi kwa sentensi moja

Kabla ya hojaji yoyote, andika: tuna pesa kiasi gani, kwa muda gani, na tunachagua kati ya nini na nini. Kwa mfano: "Tuna shilingi 120,000 kwa mwezi kwa mwaka mmoja, tuchague kati ya kulipa wasaidizi wa muda wa nyumbani na kufungua kituo cha mchana cha wazee." Kama hakuna jibu lolote linaloweza kubadilisha uamuzi, msipime. Mtakuwa mnawasumbua watu waliochoka.

Jikumbusheni pia pesa hizi ni ngeni kiasi gani katika maisha ya wapokeaji. Inua Jamii inampa mzee aliyesajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kilichowekwa Novemba 2024 kilikuwa shilingi 16,113.75. Ruzuku ya serikali basi ni kama sehemu moja ya nane ya gharama ya msaidizi wa kutwa. Inanunua unga na mafuta, na huo ni msaada wa kweli, lakini hainunui mikono ya mtu. Pengo hilo leo linazibwa na wake, mabinti na wakaza wana bila malipo, na ndiyo maana halionekani kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Hatua ya 2: Chagua kipimo kimoja

Usitunge maswali yako kutoka mwanzo. Wapo waliofanya kazi hiyo kwa miaka, na kosa la kupima vibaya kwa hojaji ya kujitungia huonekana wakati mfadhili anapouliza umejuaje.

Kwa huduma za nyumbani, kituo cha mchana na makao ya wazee, ningeanza na ASCOT, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza. Inagusa maeneo manane: kuamua mambo ya siku yako, usafi wa mwili, chakula na kinywaji, usalama, kukutana na watu, kuwa na shughuli, hali ya nyumba, na hadhi yako katika jinsi unavyosaidiwa. Kila eneo lina ngazi nne, kutoka hali ambayo mtu angeitamani hadi hali ya uhitaji mkubwa. Ukizipa alama 3 hadi 0, jumla ya juu kabisa ni 24, na ndivyo Uingereza inavyotoa alama katika utafiti wake wa kila mwaka kwa watu wazima wanaopata huduma hizi. Ina mwenye hakimiliki, kwa hiyo andika uombe ruhusa kabla ya kuitumia.

Kama mradi wako ni mpana zaidi, kwa mfano ruzuku ya fedha au chama cha akina mama wanaotunza wagonjwa, angalia ICECAP. Hii imejengwa juu ya wazo la Amartya Sen, mchumi wa India aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, kwamba tutazame kile mtu anachoweza kufanya na kuwa, badala ya kuhesabu alicho nacho tu. ICECAP-A ya watu wazima ina maswali matano: utulivu, upendo na urafiki, kujitegemea, kupiga hatua, na raha. Ya wazee, ICECAP-O, inauliza pia kuhusu hofu ya kesho na kuhusu kuona kwamba bado una maana kwa wengine. Ni fupi, na wazee huipenda kuliko unavyotarajia.

Vipo vingine. WHOQOL-BREF ya Shirika la Afya Duniani ina maswali 26. Ni nzuri kwa utafiti, lakini jaribu kumuuliza maswali 26 mtu anayepumua kwa shida. EQ-HWB inajaribu kuunganisha afya na ustawi katika maswali 25, na ina toleo la maswali 9. Bado ni changa. Halafu kuna swali moja la kuridhika na maisha kutoka 0 hadi 10, ambalo Hazina ya Uingereza mwaka 2021 ililiwekea bei: pauni 13,000 kwa nukta moja iliyopanda kwa mtu mmoja kwa mwaka, kwa thamani ya pesa ya 2019. Liulize ukitaka, halichukui dakika. Ila usichukue bei hiyo ukaizidisha kwa kiwango cha kubadilisha fedha ukaiita thamani ya maisha ya mtu wa Korogocho. Bei hiyo imekadiriwa kwa hali ya Waingereza.

Kimoja kinatosha. Mkiweka viwili, mahojiano yatarefuka na mwisho wa siku kamati itachagua kile kinachounga mkono walichokwisha kuamua.

Hatua ya 3: Jaribu maswali mtaani

Tafsiri ipitie kwa watu wawili wanaofanya kazi bila kuonana, kisha mtu wa tatu airudishe katika Kiingereza bila kuona asili. Hiyo ndiyo kawaida. Jaribio lenyewe, hata hivyo, ni la mtaani. Tafuta watu wachache Kawangware, wachache Eastleigh, wachache Dandora, umsomee kila mmoja swali, halafu badala ya kuchukua jibu mwambie: "Hebu niambie kwa maneno yako, nimekuuliza nini?"

Swali la kuwa na udhibiti wa maisha yako ndilo linaloanguka mara nyingi. Watu hudhani unauliza kama wanajiheshimu au kama wanakunywa pombe. Lishushe chini: nani huamua utaamka saa ngapi, utavaa nini, utaketi wapi, nani aingie chumbani mwako. Swali la hali ya nyumba nalo lisiishie kwenye kuta nne za chumba. Kwa wapangaji wengi bafu na choo viko uani au mwisho wa korido, na mzee asiyeweza kufika huko anaishi kana kwamba havipo.

Hatua ya 4: Mahojiano

Hapa ndipo kipimo kinapopona au kufa. Nenda saa ambayo mtu ameshakula na msaidizi wake hana haraka. Epuka wiki ambayo pesa za Inua Jamii zimeingia, epuka Desemba, na epuka siku zile za Aprili ambazo maji yameingia nyumbani. Vinginevyo utapima msimu ukidhani umepima huduma.

Tatizo kubwa la kwanza ni shukrani. Wazee wetu hawalalamiki mbele ya mgeni, tena mgeni mwenye fomu.

"Shosho, tuje kwa chakula. Unakula unachopenda, wakati unaotaka?"

"Nakula. Namshukuru Mungu."

Mhoji mwenye pupa ataandika 3. Mwenye uzoefu ananyamaza kidogo, kisha anauliza la jana.

"Jana mchana ulikula nini, shosho?"

"Jana huyu msichana alichelewa kutoka kazini."

"Kwa hivyo ulikula saa ngapi?"

"Alipofika. Saa mbili usiku. Kulikuwa na chai ya asubuhi kwa chupa, nikajisukuma na hiyo."

"Na siku ambayo haji kabisa?"

"Nalala hivyo, mwanangu. Si mara moja."

Alama ya sasa ni 1, kwa sababu chakula kipo lakini hakifiki kwa wakati. Na hilo swali la mwisho limetoa kitu cha thamani zaidi kuliko alama ya sasa: limetoa hali ya bila msaada, ambayo ni 0. ASCOT ina toleo la mahojiano ambalo huuliza hivyo kwa makusudi katika maeneo saba. La nane, hadhi, haliulizwi hivyo kwa kuwa linahusu namna msaada wenyewe unavyotolewa. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo kazi ya huduma. Mtu anaweza kuwa na alama 18 kati ya 24 na kamati ikasema huyu hana shida, kumbe 12 kati ya hizo zinashikiliwa na dada yake ambaye mwezi ujao anarudi Vihiga. Bila swali la pili hutajua.

Tatizo la pili ni kuzoea. Mtu aliyekaa ndani miaka mitatu huacha kutamani kutoka, na ukimuuliza kama anaridhika atasema ndiyo bila kudanganya. Sen aliandika sana juu ya jambo hili. Dawa ya tatizo hili ni kuuliza juu ya vitendo na siku maalumu: mara ya mwisho kutoka nje ilikuwa lini, nani alikutembelea wiki hii, nani alikuogesha na lini. Alama itolewe baada ya majibu hayo.

Tatizo la tatu ni masikio. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi kila mtu anasikia. Swali la usalama usiliulize mbele ya anayemtunza. Mwombe mtunzaji akachote maji au amwoneshe mwenzako duka la karibu, wewe ubaki na mzee. Kama utasikia kwamba anapigwa, anafungiwa au ananyang'anywa pesa, mahojiano yamesimama. Uwe na namba mkononi kabla hujabisha hodi: 1195 ni ya bure kwa dhuluma za kijinsia, na mjue mapema ofisi ya watoto na ya maendeleo ya jamii katika eneo lenu iko wapi.

Wasioweza kusema, kama wenye maradhi ya kusahau yaliyokolea au ulemavu mkubwa wa akili, watasemewa. Andika wazi kwenye fomu kwamba amejibu mwingine na ni nani. Anayejibu kwa niaba huona vizuri usafi na chakula, lakini hukosea katika upweke na hadhi. Kama kuna nafasi, keti kona saa moja utazame: anaitwa kwa jina au anaitwa "huyu"? Analishwa akiangaliwa usoni, au mlishaji anatazama simu?

Majibu haya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Omba ridhaa, tumia namba ya siri badala ya jina, na fomu zisipigwe picha kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Mkitaka kuchapisha matokeo kama utafiti, mtahitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti. Hiyo ianzeni mapema.

Hatua ya 5: Muulize pia anayetunza

Kamati nyingi huruka hapa, na ni kosa la gharama. Kuna toleo la ASCOT la watunzaji lenye maeneo saba, yakiwemo muda wa kuwa peke yako, kujitunza mwenyewe, na kuona kuna anayekutia moyo. Mtoto wa mtindio wa ubongo anaweza kuwa safi, ameshiba na anacheka, huku mama yake akiwa hajaenda sokoni peke yake tangu mwaka jana na ameacha kibanda chake cha mtumba. Ukimpima mtoto peke yake, familia hii inatoka kwenye orodha. Siku mama huyo akivunjika, gharama inarudi kwenu mara tatu.

Weka alama za mtunzaji kwenye safu yake. Usizijumlishe na za anayetunzwa, maana mara nyingine zinavutana: kituo cha mchana kinaweza kumpumzisha mke huku mume akikichukia.

Hatua ya 6: Piga hesabu

Turudi kwa mzee wa Pipeline. Namba zote hapa ni za mfano. Mpango wa kwanza ni nauli ya teksi na mazoezi ya viungo hospitalini mara mbili kwa wiki, shilingi 8,000 kwa mwezi. Mpango wa pili ni msaidizi wa asubuhi 6,000, nepi za watu wazima na sabuni 2,000, na tofauti ya kodi ya chumba cha chini 1,500, jumla 9,500. Alama zifuatazo ni za bila msaada, kisha mpango wa kwanza, kisha wa pili; hadhi imeachwa kwa kuwa haina alama ya bila msaada:

Kuamua mambo yake: 1, 1, 2
Usafi wa mwili: 0, 0, 2
Chakula: 1, 1, 2
Usalama: 1, 1, 2
Kukutana na watu: 0, 1, 2
Shughuli: 0, 1, 1
Hali ya nyumba: 1, 1, 2
Jumla: 4, 6, 13

Mpango wa kwanza unaongeza alama 2, kwa hiyo kila alama inagharimu shilingi 4,000 kwa mwezi. Wa pili unaongeza 9, na kila alama ni kama shilingi 1,056.

Kabla ya kushangilia, soma tena. Mazoezi ya viungo yana faida ya kiafya ambayo safu hii haikuiona, sawa na vile EQ-5D isivyoona kuketi getini. Wekeni safu mbili, afya upande mmoja na maisha upande mwingine, na msizijumlishe, kwa sababu kujihudumia kumo ndani ya zote mbili na kutahesabiwa mara mbili. Pia, alama za mpango ambao mtu bado hajaupata ni makisio. Mnaweza kuyapunguzia ukungu kwa kuwapima watu ambao tayari wanapata huduma ya aina hiyo mahali pengine na kuona huwapandisha kiasi gani. Na kama mnalinganisha miradi yenye watu walio chini ya thelathini kila upande, acheni asilimia. Oneni namba za kila mtu, zote, kwenye ukurasa mmoja.

Hatua ya 7: Ni kipi kina uzito zaidi?

Kujumlisha alama kama tulivyofanya kunachukulia kwamba nukta moja ya usafi ni sawa na nukta moja ya kukutana na watu. Watafiti wa Kent hawakukubali hivyo. Waliwauliza watu wa Uingereza kipi ni bora na kipi kibaya zaidi kati ya hali mbalimbali, na miaka mingapi ya maisha wangekuwa tayari kuitoa ili waepuke hali mbaya. Kuamua mambo yako mwenyewe ndiko kulikopata uzito mkubwa. Kipimo chao kinaanzia 1 kwa hali bora, kinafika 0 ambapo ni sawa na kufa, na kinaweza kushuka chini ya hapo.

Je, watu wa Mathare wangepanga hivyo hivyo? Pengine usalama ungetangulia, pengine chakula. Njia nafuu ya kujua ni baraza dogo na maharagwe. Bakuli nane zenye picha, kila mtu apewe maharagwe kumi na sita ayagawe. Wagawe wanawake kivyao, wanaume kivyao, wanaotunza kivyao, na wanaotunzwa kivyao, la sivyo maharagwe yote yatafuata mkono wa mwenyekiti. Elezeni vizuri kwamba hatuulizi umekosa nini leo. Tunauliza ungekuwa wa mwisho kukubali kupoteza nini. Bado watu huchanganya haya mawili, kwa hiyo kila kikundi kieleze sababu zake na mtu aziandike.

Maharagwe hayatakupa namba ya kulinganisha na QALY, kwa kuwa hayana sifuri iliyofungwa kwenye kifo. Yatakupa mpangilio wa mtaa wenu, na kwa kamati ya mtaa hilo linatosha. Fanyeni hesabu mara mbili, kwa uzito sawa na kwa uzito wa maharagwe. Mshindi akiwa yule yule, msibishane zaidi. Akibadilika, hapo ndipo pa kutumia muda wa mkutano.

Hatua ya 8: Wekeni sakafu

Gharama kwa kila alama ikiachwa iamue peke yake, itawapendelea walio rahisi kuinuliwa. Mzee aliye chini kabisa, ambaye anahitaji mengi ili apande nukta moja, ataachwa kila mwaka. Kwa maoni yangu, kamati ikubaliane mapema kwamba mtu yeyote aliye na 0 katika chakula, usafi au usalama anaingia kwanza, hata kama hesabu haimpendi, na ushindani wa alama uwe kwa pesa zinazobaki. Andikeni kanuni hiyo kabla ya kuona majina. Baada ya majina kufunguliwa kila mtu ana shangazi.

Hatua ya 9: Peleka kwa wenye bajeti

Pesa za kikundi huisha. Kaunti ya Nairobi ina kalenda inayojulikana chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012: mpango wa maendeleo wa mwaka hufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, mwaka wa fedha ukianza 1 Julai. Anayekuja na hoja mwezi Mei amekuta meza imeshafutwa. Kikao cha Septemba ndicho chenye nafasi, ingawa watu huwa wachache.

Peleka ukurasa mmoja. Juu, Ibara ya 57 ya Katiba, inayowapa wazee haki ya kuishi kwa hadhi na kupata utunzaji wa kadiri kutoka kwa familia na serikali. Katikati, jedwali la alama za bila msaada na pamoja na msaada, gharama ya kila alama, na idadi ya watunzaji wasiolipwa katika wadi yenu. Chini, ombi moja lenye kiasi. Diwani ana wadi 84 nyingine za kushindana nazo; mpe namba anayoweza kuisema kwa pumzi moja.

Hatua ya 10: Rudi upime

Baada ya miezi mitatu, na tena baada ya mwaka, rudi kwa watu wale wale na mhoji yule yule ikiwezekana. Kwa ugonjwa unaozidi kama Parkinson, alama iliyobaki palepale inaweza kuwa mafanikio makubwa, kwa hiyo linganisha na hali ya bila msaada ya siku hiyo, siyo na alama ya mwaka jana. Aliyehama mtafute kwa simu kupitia kwa mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lake. Aliyefariki abaki kwenye jedwali na tarehe yake. Ukimfuta, wastani wa waliobaki utapanda bila mtu yeyote kupata nafuu, na mwaka ujao kamati itapewa pesa kwa sababu ya mazishi.